Neno la Pili kwenye Fishi ya Mama Fatouma

Tarehe 14 Machi 2023, siku ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi za asubuhi, shinikizo la damu la Amida Yusufu, mkataji wa nguo mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Kenya, mojawapo ya komini, yaani kata kubwa, za mji wa Lubumbashi, lilikuwa 12 kwa 8, au, kama kwingine huandikwa, 120 kwa 80. Jambo hili limethibitishwa. Limeandikwa kwa wino wa bluu kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, ya kituo cha afya, likapigwa mhuri, na hesabu hiyo ndiyo ambayo kila mtu mwenye afya njema hutamani kuandikiwa. Katika miezi mitatu iliyofuata, mtaa mzima ulishirikiana kwa bidii na upendo kuitibu.

Kosa halikuwa la daktari wala la mashine. Lilikuwa la neno. Katika mji huu neno la Kifaransa tension lina maana moja tu. Halimaanishi mvutano wa kamba, wala wa mataifa, wala wa umeme, siku ambazo umeme wenyewe upo. Linamaanisha damu iliyopanda, ile ambayo kwingine huitwa presha. Moyo ukidunda haraka, ni tension. Kichwa kikiuma, ni tension. Mzee akifariki usingizini akiwa na miaka themanini na tisa, majirani hutikisa vichwa na kusema kwamba hakujitunza, alikuwa na tension. Neno hilo limejitosheleza kiasi kwamba likitamkwa, hakuna anayesubiri la pili.

Amida alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu ulioanzia Katanga na babu yake, aliyefika kutoka Kasongo, Maniema, na mizigo ya vitambaa. Kutoka kwa babu huyo wajukuu walirithi dini, chai nyeusi kali baada ya swala, na desturi moja ambayo haijaandikwa popote: kitambaa cha bibi harusi hukatwa na mama yake mzazi, mbele ya wanawake wa pande zote mbili, kwa mkato mmoja kutoka begani hadi pindoni. Mkasi ukifika mwisho, vigelegele hupigwa. Mkasi ukisimama njiani, havipigwi, na ukimya huo hufika Katuba, komini jirani, mapema kuliko basi lolote.

Kwa Amida desturi hiyo haikupaswa kuwa mzigo. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa mkataji katika atelier, karakana ya kushona, ya uani kwake, akiwakatia mafundi wanne walioketi kwenye cherehani za kukanyaga. Hakutumia chaki. Chaki, alikuwa akisema, ni ya watu wanaosahau. Alimtazama mteja mara moja, akakunja kitambaa, na mkasi ukaenda. Na binti yake wa pekee, Fatouma, alikuwa ameposwa. Siku ya kukata kitambaa ilipangwa mapema: Jumamosi, tarehe 26 Agosti.

Mkasi ulisimama Alhamisi, tarehe 16 Februari. Hakukuwa na msiba, ugomvi wala habari mbaya. Amida alikuwa akikata sare za kitenge za familia moja, wateja watatu wakisubiri kwenye benchi, pale moyo wake ulipoanza kudunda kana kwamba unafukuzwa. Vidole vilikufa ganzi. Ukuta ukasogea. Alikuwa na uhakika, kwa ukamilifu ambao hajawahi kuwa nao kuhusu jambo lingine lolote, kwamba anakufa.

Aliyekuwa karibu ni Ntumba, fundi wa cherehani ya kwanza, mwanamke ambaye kimya chake kirefu zaidi kinachokumbukwa kilidumu muda wa kutia uzi sindanoni.

— Mama Fatouma, uko unaangalia nini pale?

— Ntumba, ninakufa.

— Unakufa na kitenge ya bantu mu mukono? Weka kwanza.

Amida aliweka mkasi, akatoka uani, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Baada ya dakika ishirini alikuwa hai, jambo ambalo lilimshangaza. Ntumba alikuwa tayari ameshatoa uamuzi, kwa Kiswahili cha mji huu, ambamo «njo» ni ndiyo, «paka» ni tu, na «haina» ni si.

— Njo tension ile. Mama yangu mudogo kule Katuba, ilimuanzaka paka vile.

Wateja watatu walikubaliana naye. Kila mmoja alikuwa na shangazi.

Mashambulio yalirudi mara tano kabla ya katikati ya Machi, na mara nne kati ya hizo Amida alikuwa ameshika mkasi. Hapo mumewe Zakari, fundi viatu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Annie, binti wa familia ya Kikatoliki kutoka kaskazini ya Katanga, ambaye babu yake alilinda kizuizi cha reli maisha yake yote. Annie alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akasikiliza moyo, akauliza maswali mengi, akatabasamu. Kutabasamu lilikuwa kosa lake la kwanza.

— Tension yako iko muzuri, mama. Douze-huit, kumi na mbili kwa nane. Kama ya mutoto.

— Kama iko muzuri, juu ya nini moyo inapiga vile?

— Ile haina tension, mama. Inaitwaka anxiété. Mwili inashika woga bila sababu. Tutaanza na kupumua, polepole…

— Kupumua?

— Ndiyo, mama.

— Tangu nilizaliwa niko napumua. Nipe dawa.

Annie hakutoa dawa, na hilo lilikuwa kosa lake la pili. Mgonjwa anayetoka kituo cha afya mikono mitupu ana maelezo mawili tu: ama hakuhudumiwa, ama ugonjwa wake ni mkubwa mno na wameogopa kumwambia. Amida alichagua la pili. Njiani kurudi, Zakari alikohoa mara kadhaa kwa namna ya kumfariji.

Fishi ilikuwa ya Kifaransa, na kwa Kifaransa mtaa ulikuwa na mtu wake. Mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana aitwaye Guelord, alikuwa amesoma sheria kwa miaka miwili kabla sheria haijamchoka, na tangu hapo alisoma karatasi zote za mtaa: hati za viwanja, barua za walimu, matokeo ya maabara. Alifungua fishi, akaona neno la kwanza la mstari wa kwanza, akaifunga kwa heshima inayostahili marehemu.

— Mama, tusifichane. Baliandika hapa, noir sur blanc, nyeusi juu ya nyeupe. Tension.

Basi likawa.

Kilichofuata kinajulikana kwa undani, kwa kuwa kila aliyeshiriki anajivunia mchango wake. Chumvi iliondolewa jikoni siku hiyo hiyo. Pamoja na chumvi kiliondoka kitoyo, samaki mkavu wa chumvi ambaye bila yeye Amida hakuhesabu kwamba amekula. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia wiki iliyofuata, Amida alizuiwa kufunga kwa ajili ya ugonjwa wake, na Zakari alifuturu kwa bukari, ndio ugali, na sombe, majani ya muhogo, zisizo na ladha yoyote, akiwa na uso wa mtu ambaye mfungo wake umeongezwa muda. Jirani wa kulia alileta vitunguu saumu, vitatu kila asubuhi, vikitafunwa vibichi. Jirani wa kushoto, ili asipitwe, alileta majani ambayo jina lake alilisahau lakini nguvu yake aliikumbuka vizuri. Na kwa vile damu nzito ni lazima isafishwe, Amida alishauriwa kuzidisha chai nyeusi, kutoka vikombe vitatu hadi sita, kali, na tangawizi. Mtu ambaye tatizo lake lilikuwa moyo kwenda mbio alipewa, kwa upendo, kinywaji cha kuukimbiza.

Kisha akaja Papa Gauthier, muuza dawa za asili, na chupa. Lebo yake ilikuwa na picha ya simba na moyo mwekundu, maneno «Asilia 100 %», na orodha ya maradhi arobaini na moja, kuanzia tension hadi kufeli mitihani.

— Papa Gauthier, muko nini mule ndani? aliuliza Zakari, likiwa swali lake pekee la mwezi huo.

— Muko nature, mukubwa wangu. Nature haiuwake muntu.

Kwamba mbu wa malaria naye hatoki kiwandani, hakuna aliyemkumbusha. Kifuniko kimoja asubuhi, kifuniko kimoja magharibi.

Ni haki kusema kwamba Amida alitii yote. Ni haki pia kusema kwamba hakuna kilichopungua. Alianza kujipima mapigo shingoni kwa vidole viwili, mara thelathini kwa siku kwa hesabu ya Ntumba, na kila alipojipima alikuta moyo unadunda, kama mioyo inavyofanya, akaogopa, na ukadunda zaidi. Aliacha kwenda sokoni kwa sababu ya umati. Aliacha kwenda arusini. Mwisho wa Aprili aliutundika mkasi wake kwenye msumari na kuazima mkataji wa nje, mtu mwaminifu wa chaki na rula, ambaye nguo zake zilikaa mwilini kama fomu iliyojazwa vizuri. Wateja walianza kuondoka.

Habari hizo zilimfikia shangazi wa bwana harusi, Mama Rehema, mwanamke aliyekuwa akihudhuria posa kama mkaguzi. Alikuja mwanzoni mwa Juni, akanywa chai, akamtazama Amida kwa huruma ya wazi, na kusema kwamba kwa ajili ya usalama wa shughuli, upande wao ungekuja na mkataji wao kutoka Katuba.

— Haina mubaya, Mama Fatouma. Muntu akiwa mugonjwa, bengine banamusaidia. Utakaa paka pale pembeni, utaangalia.

Fatouma alisubiri shangazi afike barabarani.

— Mama, muntu mwingine akikata, siivae. Nitaolewa na sare yangu ya masomo, ile bleu-blanc.

— Ile bleu-blanc haikuenei tangu miaka kumi.

— Njo ile nitavaa. Bote bacheke.

— Fatouma, usiniongezee tension.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Lakini tangu saa ile jambo lilikuwa wazi kwa watu wote wa nyumba: ama Amida atakuwa na mkasi mkononi tarehe 26 Agosti, ama atakaa pembeni na kumtazama mgeni akimkatia binti yake, na kila mwanamke wa Kenya na Katuba atajua sababu.

Jumatano, tarehe 14 Juni, miezi mitatu kamili baada ya kipimo cha kwanza, Amida alisimama kutoka kwenye benchi la atelier ili achukue kitambaa, na sakafu ikaja kumpokea. Ntumba na Zakari walimbeba hadi kituo cha afya. Guelord aliwafuata kama mshauri wa kisheria. Annie alifunga kipimo mkononi mwa mgonjwa, akakisoma, akakifunga tena, akakisoma tena. Kilikuwa 8 kwa 5.

— Sasa mama huyu leo iko na tension kweli kweli. Ya kushuka. Aliitoa wapi?

Ntumba alitaja. Alitaja kwa mpangilio, akihesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akaazima vya Zakari: saumu, majani ya jirani, chupa ya Papa Gauthier, vifuniko viwili, chai vikombe sita.

— Na chumvi?

— Chumvi? Tangu mwezi ya tatu hajaona hata sura yake.

— Nani aliwaambia iko na tension?

Macho ya watu watatu yalimwelekea Guelord. Annie alichukua fishi ya Machi, ambayo Zakari alikuja nayo, akampa Guelord.

— Papa, weye njo ulisomaka hii?

— Ni miye.

— Soma tena. Na sauti.

— Tension.

— Endelea.

— Deux points. Nukta mbili.

— Endelea, papa. Kisha deux points, banaandikaka kitu.

Guelord aliinamia karatasi, akiyafuata maneno kwa kidole.

— Normale, ya kawaida, alisema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: Crises d'anxiété, mashambulio ya woga.

Ntumba alicheka mpaka akaombwa atoke nje.

Kwa miezi mitatu, basi, mtaa ulikuwa umeishusha damu ambayo haikuwa imepanda, na hatimaye ulifaulu. Amida alitundikiwa maji ya chumvi mshipani, na baada ya saa mbili alikaa kitako na kuomba kitoyo. Annie alivuta kiti, safari hii bila kutabasamu.

— Mama, babu yangu alikuwa ku chemin de fer, pa barrière. Kuko siku sonnette, ile kengele ya reli, ilikuwa inalia, train haiko. Bantu banakimbia, banaanguka na baiskeli. Babu alikuwa anawaambia: sonnette njo iko na kilema, haina train. Mwili yako iko vile. Sonnette inalia kweli. Woga iko ya kweli. Paka train njo haiko.

— Haina bulozi?

— Hapana.

— Haina kichwa yangu inaharibika?

— Hapana, mama. Bantu mingi beko nayo. Hawasemake, juu ya haya. Nikuulize: kuko siku uliwaza afazali kufa?

— Docta, mie niko naogopa kufa kila siku mara tano. Nitaitafuta tena?

Hilo lilipokwisha kuandikwa, Annie alieleza kazi yenyewe. Chupa ya Gauthier ikome, na majani, na saumu za asubuhi. Chumvi irudi kama inavyoliwa na watu. Chai kali ipungue hadi kikombe kimoja, cha asubuhi, na alipoona uso wa Amida akaongeza kwamba kiwe kikubwa. Atembee kila siku. Alale kwa saa zilezile. Aache kujipima shingoni. Ajifunze kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Na mkasi aurudie, lakini kwa ngazi: aanze na kile kisichomtisha, apande. Iwapo baada ya wiki kadhaa mambo hayatasogea, au yakizidi, kuna daktari wa magonjwa hayo mjini, na kuna vidonge, na kuvitumia si aibu. Aje kila Jumatano.

Hizi nazo zilikuwa tiba za asili, pengine za asili kuliko zote: pumzi, miguu, usingizi, chumvi ya jikoni. Kasoro yake ilikuwa moja. Hakuna aliyeweza kuzitia kwenye chupa, na kwa hiyo Papa Gauthier alizipinga kwa sababu za kisayansi.

Kupumua ndiko kulikomshinda Amida. Akiambiwa ahesabu, alihesabu haraka ili amalize. Aliyetatua ni Ntumba, bila kukusudia. Alikuwa akikanyaga cherehani isiyotiwa uzi ili kuikausha mafuta, polepole, tak, tak, tak, na Amida, aliyeketi kando, akajikuta anatoa pumzi kwa mikanyago sita. Alivuta kwa mitatu, akatoa kwa sita. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, cherehani ya kwanza ilikanyagwa tupu kwa dakika kumi. Mafundi wengine walidhani ni maombi ya Kiluba. Ntumba, ambaye ni mtu wa Kasai, hakuwasahihisha.

Kisha ngazi. Wiki ya kwanza Amida alikata karatasi za mifuko ya simenti, ambazo mafundi hutengenezea vielelezo. Wiki ya pili, magunia ya unga. Kisha matambara. Baridi ya Juni ilikuwa kali, vumbi lilijaa uani, na mwanamke aliyewahi kukata hariri bila chaki alionekana na majirani akikata magunia kwa uangalifu mkubwa, huku mwenzake akikanyaga cherehani isiyoshona kitu. Hitimisho lilikuwa rahisi.

— Ile tension ilipanda mu kichwa, walisema.

Jioni alitembea na Zakari hadi mpaka wa Katuba na kurudi. Watu waliowaona waliwaonea huruma kwa kukosa nauli, na mmoja aliwapa. Zakari aliipokea, kwa kuwa kukataa kungehitaji maelezo.

Tarehe 12 Julai mambo yaliharibika. Kilikuwa kitambaa cha kwanza cha kweli, sketi za bluu za wanafunzi kwa ajili ya Septemba, na mteja alikuwa amesimama mlangoni. Moyo ulianza. Amida aliacha mkasi katikati ya kitambaa, akakimbilia ndoo yake ya uani, na kwa siku mbili hakuingia atelier. Mkasi ulirudi msumarini. Fatouma alionekana akiijaribu bleu-blanc ya zamani mbele ya kioo, mkono mmoja tu ukiwa umeingia.

Jumatano iliyofuata Annie hakumlaumu.

— Ukikimbia, mwili inajifunza kama ilikuwa hatari kweli. Ikikuya, bakia pale pale. Inapanda, inafika, inashuka yenyewe. Haijawahi kubakia juu.

— Sasa nikae nayo kama mugeni?

— Kaa nayo. Paka usiipikie.

Sentensi hiyo ilifanya kazi ambayo chupa nane hazikuifanya. Amida aliirudia nyumbani, Ntumba akaieneza, na mpaka leo katika atelier hiyo mtu akianza kulalamika kupita kiasi huambiwa: usiipikie. Mwishoni mwa Julai mashambulio yalikuja mara mbili; mara zote mbili Amida alibaki mezani, mkono mmoja juu ya mbao, jasho likimtiririka, akimwambia mteja asubiri. Yalipanda, yakafika, yakashuka. Sketi za bluu zilikatwa, thelathini na sita, bila chaki. Mtu wa chaki na rula alishukuriwa na kurudishwa kwake.

Usidhaniwe hapa muujiza. Tarehe 25 Agosti Amida hakula chakula cha jioni, na asubuhi ya tarehe 26 alivunja kikombe.

Wanawake walianza kufika saa nne. Meza iliwekwa uani, kitambaa cheupe chenye uzi wa dhahabu kikatandikwa juu yake. Mama Rehema alifika na mkataji wake wa Katuba, ambaye aliketishwa nyuma, mkoba wa mkasi magotini, kama gari la wagonjwa lililoegeshwa uwanjani. Fatouma aliketi mbele. Ntumba alikuwa ameiburuta cherehani yake hadi mlangoni, kwa sababu ambayo hakuna mgeni aliyeiuliza.

Amida aliufungua mkasi begani mwa kitambaa, akakata takribani shubiri mbili. Kisha mkono ukasimama.

Kimya kikaingia. Wote waliokuwepo wanakubaliana juu ya kimya hicho. Wanatofautiana tu juu ya urefu wake. Mama Rehema aligeuka nusu kuelekea nyuma, alikoketi mtu wake.

— Anaogopa, alisema, si kwa sauti ndogo kama alivyodhani.

Mlangoni, cherehani ilianza: tak, tak, tak.

— Ndiyo, shangazi, alisema Amida bila kuinua macho. Naogopa. Moyo inapiga, mikono imekufa. Haina tension. Ni woga tu, naijua. Mungoje kidogo, inapita.

Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kusema neno kama hilo mbele ya wakwe. Amida hakuutoa mkasi kwenye kitambaa. Alivuta pumzi kwa mikanyago mitatu, akatoa kwa sita. Akavuta tena, akatoa tena. Mara nne, kwa mujibu wa mkanyagaji. Nyuma, mkataji wa Katuba alikuwa amefungua mkoba wake. Kisha mkasi wa Amida ukaenda, begani hadi kiunoni, kiunoni hadi pindoni, bila kusita tena, mpaka mwisho.

Kitambaa kiligawanyika. Kulikuwa na kupinda kidogo pale ulipoanzia upya, upana wa nusu ya kidole, ambako Amida alikuficha baadaye ndani ya mshono. Vigelegele vilipigwa. Mtu wa Katuba alifunga mkoba wake na kuomba bukari. Fatouma aliolewa Jumamosi iliyofuata, katika nguo ile, na bleu-blanc ikawa tambara la kupangusia mafuta ya cherehani.

Guelord sasa husoma karatasi hadi mstari wa mwisho, kwa sauti, pamoja na anwani ya mchapishaji. Papa Gauthier ana chupa mpya: simba yuleyule, moyo uleule, na ugonjwa wa arobaini na mbili, «anxiété». Humtaja Amida kama ushahidi. Amida amemwomba mara mbili aache. Yeye hujibu kwamba shukrani si lazima. Mashambulio hayajaisha kabisa: kwenye fishi, kati ya Septemba na Desemba 2023, yameandikwa matatu, na pembeni mwa kila moja, kwa mwandiko wa Annie: «alibaki mezani».

Yasiyojulikana ni haya. Nani alianza kupiga vigelegele haijulikani: Ntumba anaapa kwamba alikuwa Mama Rehema, na Mama Rehema anakana. Kilichoianzisha sonnette ile Alhamisi ya Februari hakijulikani: Amida ameulizwa mara tatu na ametoa majibu matatu, yote kwa moyo mweupe, na hayafanani. Kama itarudi kwa nguvu ya kwanza, Annie hajui, Amida hajui, na hakuna karatasi inayosema.